Mwaka Tulipouza Fanfari

Mwezi uliopita niliombwa nipige tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kwa mdomo mtupu kwenye mazishi ya mtu aliyeiuza. Ombi lilikuja kwa simu, nikiwa ofisini Lubumbashi, na aliyeniomba ni mjane wake, Mama Jozefina, mwanamke ambaye hata siku za furaha hapotezi muda na salamu. "Mado, Felisien ametuacha," alisema. "Na ameacha neno. Anataka fanfari ya midomo, sawa ile walimupigia Papa Stanis. Weye ulilala na ile tuba chumba kimoja. Besi ni yako." Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, halafu nikakasirika, maana Felisien alikuwa na tabia ya kumwachia mtu swali na kuondoka na baiskeli yake kabla hujapata jibu. Hata kwa kifo chake amenifanyia vilevile. Nikakata tiketi ya ndege ya Kalemie, na tangu siku hiyo mpaka leo ninapoandika haya sijaweza kukaa kitako. Ninaanza chai naiacha ipoe. Ninaingia chumbani kuchukua kitu, nasahau ni kitu gani.

Lazima niseme kazi yangu, maana ndiyo inayonichoma. Mimi ni mtu wa hesabu. Shirika ninalolifanyia kazi linasaidia vituo vya afya, na wakubwa wakitaka kujua kituo kipi kiendelee na kipi kifungwe, wananiuliza mimi. Siku ile simu ilipolia, mezani kwangu palikuwa na nyumba ya uzazi ya Pepa, huko juu Marungu, kwenye baridi, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Wanawake wanaojifungulia pale ni wachache. Mkunga ni mmoja, barabara ni mbaya, dawa zinafika zikiwa zimechoka kama waliozibeba. Ukigawa gharama zote kwa idadi ya watoto, kila mtoto wa Pepa anaonekana ni mtoto wa tajiri. Jibu la hesabu ni jepesi kabisa, na mimi nilikuwa nimekaa nalo wiki nzima bila kuliandika. Aliyenifundisha kugawa namna hiyo alikuwa Felisien.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliofika Kalemie kusoma uchumi. Ya wazazi wangu nayaacha, yana kitabu chake. Vita vilikuwa vimepita, simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa wenye bahati, na treni ilikuja inapotaka. Nilipanga chumba kwa Papa Stanis na Mama Anyesi, upande wa stesheni, katika nyumba za matofali mekundu walizojengewa wafanyakazi wa reli zamani zile. Chumba changu kilikuwa nyuma, karibu na jiko, na ndicho pekee ambacho paa lake halikuvuja. Ndiyo maana nilikikuta na mpangaji mwingine. Siku ya kwanza nilifungua mlango, nikaona pembeni kuna mtu mnene amejifunika blanketi, nikapiga kelele. Mama Anyesi alikuja mbio na mwiko mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ile ni tuba ya muzee," akaniambia. "Usiogope, haikoromi." Ilikuwa kubwa kweli, ya shaba ya njano, na Papa Stanis alikuwa akiisugua kwa majivu na limau hadi unajiona uso ndani yake, uso uliovimba mashavu. Kuku wa Mama Anyesi walikuwa wameshaugundua mdomo wake mpana, na nikiacha mlango wazi nilikuta mmoja amejikunja mle ndani anataga. Papa Stanis alimfukuza kwa fimbo yake ya kutembelea. "Ile haiko kitanda ya kuku!" alifoka, halafu yai akalila.

Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mrefu, mkavu, ila miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa moyo, kwa hiyo alikaa uani siku nzima ameiegemeza juu ya kreti. Tulikula hapohapo kwake, sisi watatu, bukari, yaani ugali wa muhogo, na ndagala waliokaangwa kwa mawese, na sombe, kisamvu chao, siku ambazo Mama Anyesi alikuwa na nguvu za kutwanga. Jioni ya kwanza aliniuliza nimekuja kusoma nini. "Uchumi, Papa," nikasema. "Uchumi njo nini?" akauliza; "njo" kwao ni "ndiyo". Nikampa jibu nililolikariri, kwamba ni elimu ya namna watu wanavyochagua, kwa sababu vitu havitoshi. Akaligeuza tonge mkononi akitafakari. "Vitu havitoshi," alisema. "Ile ata Anyesi anajua. Na yeye hakulipa minerval ya shule." Mama Anyesi akamwambia anyamaze ale, na mimi nikachukia kidogo, maana nilikuwa nimekuja kuwa mtu mkubwa na nilikuwa sijazoea kuchekwa na mtu ambaye miguu yake iko kwenye kreti.

Fanfari ilikuwa mali ya chama cha wastaafu wa reli na bandari, mituweli kama walivyokiita, na kilikuwa chama cha watu waliokuwa wakisubiri pansyo, malipo ya uzeeni, isiyokuja. Tarumbeta, tromboni, ngoma kubwa, matoazi, na tuba ile. Kila Jumamosi alasiri wazee walikusanyika kwenye hangari moja tupu nyuma ya stesheni, wakapiga mpaka watoto wa mtaa wakachoka kuwaigiza. Lakini kazi hasa ya fanfari ilikuwa moja. Mtu wa reli akifa, fanfari ilikwenda mlangoni kwake, ikamtoa, ikampitisha mbele ya stesheni, na kama kuna injini imewashwa, dereva alipiga honi, kisha wakaendelea naye hadi makaburini. Haikulipwa. Aliyekuwa ameendesha treni na aliyekuwa amefagia stesheni walipigiwa wimbo uleule, na wimbo huo haukupigwa mahali pengine popote, si harusini, si kanisani, si mbele ya gavana. Tuba ndiyo ilifungua, peke yake, noti chache nzito, watu wote kimya. "Besi njo inaanza," Papa Stanis alikuwa akiniambia, kidole juu. "Wengine wote wanafuata. Ata mufu anafuata."

Felisien alikuwa asistanti wetu chuoni, mhadhiri msaidizi. Mwembamba, shati limepigwa pasi, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Tulimwita Asistanti Bei. Kila kitu kwake kilikuwa na bei, na ukisema hiki hakina, alitabasamu kama mtu aliyekuwa akikusubiri kwenye kona. "Bei ya kitu si zile pesa unatoa," alituandikia ubaoni, akapigia mstari. "Ni kile unachokiacha." Alikuwa mtoto wa Manono. Babu yake alichimba kasteriti, madini ya bati, baba yake alifanya kazi kwenye umeme wa Piana-Mwanga, na yeye alikua akicheza mpira kati ya mashine zilizokwisha kuota majani. Siku moja, mvua imetuzuia darasani, alituambia kwa nini anapenda hesabu. "Watu wa kwetu hawakuhesabu," alisema. "Wengine njo waliwahesabia. Na siku hesabu ya wale wengine iliisha, walizima taa, wakaenda." Hatukumwita Asistanti Bei siku ile. Sikuwahi kumwona kama mtu mbaya, na msomaji asije akamwona hivyo kwa sababu ya haya yatakayofuata.

Mvua za mwanzo zilipoanza, hali ya Papa Stanis ikawa mbaya. Kuta za nyumba ile zilikuwa hazifiki juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na alfajiri ndiyo ilikuwa saa yao ya kuongea, kabla Mama Anyesi hajaenda ufukweni kununua ndagala wa kuuza. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na madaftari yangu, tuba ikinitazama. "Dokta alisema dawa kila siku, Stanis," sauti ya Mama Anyesi ilikuja. "Kila siku. Haiko ile siku tumepata makuta ya kununua." Alikuwa amekwisha kuuza cherehani yake. Papa Stanis akasema amesikia. "Alisema ukikunywa vizuri utakaa. Usipokunywa, hautamaliza hii mvua. Sasa?" Kikohozi. Mwaka ule watu walikuwa wakija kutoka Lubumbashi kununua vyuma chakavu, na shaba walikuwa wakiililia. Walikuwa wameiona fanfari, na habari ilikuwa imezunguka mtaa wote: chama kikiiuza, kila mwanachama atapata fungu lake. "Sasa hapana," Papa Stanis alisema. "Niliendesha treni mpaka Kabalo na kurudi, mpaka nywele ikatoka. Pansyo sikuona. Nyumba haiko yangu. Kitu kimoja tu walinipatia ahadi, na najua ile itatimia: siku yangu, fanfari itanitoa kwa hii mulango. Usiniondolee ile." Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu amekaa kwa nguvu. "Na miye nibaki na nini?" Mama Anyesi akauliza. "Na muziki?"

Siku zile nilitembea mji mzima bila sababu. Nilitoka darasani nikaenda bandarini, nikatazama mifuko ya saruji kutoka Kigoma ikishushwa, nikapanda kilimani kwenye zile nyumba za zamani, nikashuka. Darasani niliweza kuthibitisha kwamba Mama Anyesi ana haki. Nikirudi nyumbani na kumwona yule mzee anavyoisugua tuba kwa limau, akipumzika kila baada ya kusugua mara chache, nilikuwa nimepoteza uthibitisho wote. Na sikuwa na wa kumuuliza, maana mtu pekee niliyemwona ana akili ya kutosha alikuwa Felisien, na mituweli yenyewe ilikuwa imemwomba awashauri.

Mkutano ulifanyika hangarini, Jumamosi, saa ya mazoezi. Wazee walikaa juu ya mataruma ya zamani ya reli, kofia zao za kazi vichwani. Mama Anyesi alikuja kwa niaba ya mumewe, nami nikamsindikiza. Alikuwa amebeba kofia ya Papa Stanis ndani ya kitenge chake, kwa sababu wazee wale hawakupiga kura kwa mikono: anayekubali anavua kofia na kuiweka chini, anayekataa anabaki nayo. Felisien alisimama mbele yao akiwa amefungua kile kibanio cha suruali, akakishika mkononi muda wote. Hakuwadanganya. Alisema, wazee wangu, shaba hii leo ina mnunuzi, kesho haijulikani. Alisema kila mmoja wenu ana mgonjwa nyumbani, au mtoto amefukuzwa shule. Alisema kuweka fanfari ni haki yenu, lakini mjue mnaiweka kwa bei gani: kwa dawa zisizonunuliwa. Waliomwelewa walikuwa wanatazama chini. Ndipo Papa Ramazani, mpiga tarumbeta, mzee mfupi mwenye mdomo mkali kwa maana zote, akauliza: "Na weye mutoto, siku utakufa, tutakupigia nini?" Felisien akajibu bila hasira, "Papa, siku nitakufa, sitasikia." Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka.

Kicheko kilipoisha hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake, na nilielewa kwamba wangeweza kukaa vile mpaka giza. Mama Anyesi akasimama. Akaifungua kofia kutoka kwenye kitenge, akaitazama, akaipangusa kwa kiganja kana kwamba anaiandaa kuvaliwa, akainama akaiweka chini, kwenye vumbi, mbele ya watu wote. "Miye sitaki kulia vizuri na fanfari," alisema. "Nataka bwana yangu." Baada ya hapo kofia zilishuka moja baada ya nyingine. Papa Ramazani alikuwa wa mwisho, na aliivua yake kama mtu anayevua kidonda bendeji.

Mama Anyesi alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Tulipofika, Papa Stanis alinyoosha mkono apewe kofia yake. Akaigeuza. Ukingoni kulikuwa na vumbi la hangari, jeusi, lenye mafuta, ambalo haliko mahali pengine popote Kalemie. Akalitazama muda mrefu, akaivaa kofia pamoja na vumbi lake. Alikula chakula chake jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa, lakini hakuongea na mkewe. Akitaka maji alinituma mimi: "Mado, ambia mwenye nyumba naomba maji." Na Mama Anyesi, aliyekuwa amesimama pale pale, aliyamimina, akanipa mimi nimpe. Nilijiona kama daraja ambalo kila upande unalikanyaga. Niliwahurumia wote wawili, na nilitamani kuhama.

Malori ya mnunuzi yalikuwa yanakuja kesho yake, nami nilipotoka chuoni nikakuta uani kumejaa wazee waliovaa sare. Papa Ramazani ndiye aliyekuwa na wazo, na lilikuwa wazo baya kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti. Walikuwa wamekuja kumpigia Papa Stanis wimbo wake wa mazishi akiwa hai. Mama Anyesi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nyinyi wazee muko na akili?" alisema. "Muntu anapumua, munamupigia wimbo ya mufu? Munataka aende leo?" Ule ulikuwa mkosi ambao hata mimi, mwanafunzi wa uchumi, niliuogopa. Papa Ramazani akamjibu kwa upole ambao sikujua anao. "Mama, kesho fanfari haiko. Ukitukatalia leo, hatakuwa nayo hai, hatakuwa nayo mufu." Kutoka kwenye kiti chake Papa Stanis alimtazama mkewe, kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Mama Anyesi akaingia ndani. Tulidhani amefunga shauri. Akatoka na koti la sare, lile la vifungo vya shaba, akamvisha mumewe mkono mmoja mmoja, akimfunga vifungo bila kumtazama usoni.

Mimi na Matayo, fundi wa karakana aliyekuwa akijifunza besi, tulitoa tuba chumbani kwangu. Matayo alipoipakata, Papa Stanis akasema, "Leta hapa." Daktari alikuwa amemkataza kupuliza hata moto wa mkaa. Wazee wakatazamana, Mama Anyesi akashika mdomo, lakini ni nani angemkataza mtu kwenye mazishi yake? Tukaiweka mapajani mwake. Akatulia, akavuta pumzi ambayo niliisikia ikikwaruza njiani, akaanza. Noti ya kwanza ilitoka na hewa nyingi, ya pili ikawa noti kamili, ya tatu na ya nne zikasimama. Alipofika mwisho wa zile noti zinazopigwa na besi peke yake, uso umekuwa wa majivu, alimpa Matayo tuba, na fanfari nzima ikaingia. Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Nilikuwa nimeisikia Jumamosi nyingi na kuidharau. Siku ile majirani walijaa uzioni, wengine wanalia, wengine wanauliza amekufa saa ngapi. Papa Stanis alipiga mapigo kwa fimbo yake, akakunja uso tromboni ilipochelewa, akamnyooshea mpigaji kidole. Ilipokwisha alifuta midomo. "Sasa niko mufu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Anyesi, leta chai."

Kesho yake nilikwenda kutazama, ingawa sikupaswa kuwa pale. Vyombo vilipimwa kwenye mzani nje ya hangari. Tuba haikuenea vizuri kwenye lori, kwa hiyo vijana wa mnunuzi waliilaza chini wakaipondaponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa. Ilitoa sauti kila ilipopigwa, na kila mara sauti ilikuwa fupi zaidi. Felisien alikuwa amesimama na baiskeli yake kando. Nilimfuata, nikiwa na hasira zote za umri wangu, nikamuuliza kama jana aliisikia fanfari. Akasema aliisikia, alisimama barabarani mpaka mwisho. "Sasa ile bei yake ni ngapi, Asistanti?" nikamuuliza. Akanigeukia, na nikaona kwamba yeye pia hakuwa amelala vizuri. "Unataka nimuambie Mama Anyesi nini?" alisema. "Asubiri mazishi mazuri? Niambie, Mado, niende nimuambie." Nimekuwa nikilitafuta jibu la kumpa katika kila mkutano niliokaa tangu nipate kazi.

Maana ukweli ni huu, na ndio unaoninyima raha: dawa zilifanya kazi. Miguu ilipungua. Kreti ikarudi jikoni. Papa Stanis aliiona mvua ile ikiisha, akaziona nyingine nyingi, akaniona nikimaliza masomo, akacheza kwenye harusi yangu, kwa fimbo, lakini alicheza. Mtoto wa mzee mmoja wa tromboni alirudi shule, leo ni muuguzi. Ukiniambia nifanye hesabu, Felisien alishinda, na hakushinda kwa kidogo. Lakini chumba changu, kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, kilikuwa na duara pembeni ambapo sakafu ilikuwa safi, na hakuna aliyeweka kitu pale, wala mimi, wala kuku. Siku moja tukila, Papa Stanis alisema, kwa sauti ya kawaida kama anaomba pilipili, "Felisien alinipatia miaka. Siku yangu aliuza." Kisha akamtazama mkewe, na jicho likamcheka kidogo. "Na weye, Anyesi, njo ulininunua." Mama Anyesi hakuinua kichwa. "Nilikununua, ndiyo," akasema. "Na nikipata wa kuniuzia mwingine, nitamwomba asiyependa muziki." Walicheka wote wawili mpaka Papa Stanis akakohoa. Ndipo nilipojua wamesameheana, au wamechoka, na kwa watu waliokaa pamoja muda ule sijui kama kuna tofauti.

Papa Stanis alipokufa kweli, nilikuja Kalemie. Tulisimama mlangoni, jeneza limetoka, na pale ambapo besi ingeanza kulikuwa na kimya. Watu walitazama miguu yao. Padri alifungua kitabu, akakifunga. Ndipo Matayo, mikono mitupu, akavimbisha mashavu yake na kuzitoa zile noti kwa mdomo, pum, pum, nzito, akiwa amekumbatia hewa. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Papa Ramazani akaingia na tarumbeta ya midomo, mwingine na tromboni, akivuta mkono mbele na nyuma, wazee wote wale na sare zao zilizopauka, wakapiga fanfari isiyokuwapo kutoka mlangoni mpaka stesheni, na kutoka stesheni mpaka makaburini. Ilichekesha, nakiri. Mama Anyesi ndiye aliyecheka kwa sauti, machozi yakimtiririka, akisema, "Stanis, umesikia, tromboni amechelewa tena." Nilimwona Felisien nyuma ya watu, ameshika baiskeli. Alikuwa na uso mkavu, lakini midomo yake ilikuwa inacheza.

Sasa na yeye. Nilifika nyumbani kwake, mtaa wa Kataki, nikakuta turubai, viti vya plastiki, wanafunzi wake wa miaka yote, baadhi wamekuwa wakubwa wa serikali. Mama Jozefina alinivuta jikoni, akaniwekea bukari na mikebuka, akakaa kuhakikisha nala. Alisema wiki za mwisho mumewe alikuwa akipiga besi ile kitandani, taratibu, kwa vidole na mdomo, akikosea na kurudia. "Nilimuuliza, Felisien, ile yote juu ya nini? Si ulisema hautasikia?" Aliondoa mwiba kwenye samaki wangu kama vile mimi ni mtoto. "Akaniambia, 'Sitasikia. Weye njo utasikia.'" Niliweka tonge chini. Nilikasirika upya, kwa sababu ilinichukua nusu ya maisha yangu kumpinga mtu yule kichwani, na yeye alikuwa amekwisha kuhama upande bila kuniaga. Au hakuhama. Labda aliendelea kuhesabu hadi mwisho, ila aliongeza mtu mmoja aliyekuwa amesahauliwa. Sijui. Nilimuuliza Mama Jozefina kama anajua Pepa. Akasema dada yake alifia njiani akishuka kutoka huko, na mimba yake.

Wazee waliobaki hawakujaza hata benchi moja. Matayo amekwisha kufa. Papa Ramazani aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asidondoke, macho yameingia ukungu, mdomo ni uleule. Walimsimamisha kando ya jeneza, nikamshika mkono. Aliligonga jeneza kwa kidole kilichokunjika, kama mtu anayebisha hodi. "Felisien, mwanangu," alisema, "ulisema hautasikia. Basi usisikie. Tunapiga tu." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, na kimya kikawa kilekile cha mlangoni kwa Papa Stanis. Nilisubiri. Nilikuwa nikiwaza mambo ya kijinga, kwamba wakubwa wa serikali wako pale, kwamba nina miwani na kazi nzuri. "Tunaanza lini, Papa?" nikamnong'oneza. Mzee akageuza uso wake kunitafuta, akashangaa, kama vile nimeuliza jina langu mwenyewe.

"Besi njo inaanza, mama," alisema. "Sisi wote tunakungoja weye."

Nikavimbisha mashavu, nikakumbatia hewa, nikaanza.